Jiko Lisilo na Kasoro

Ewald Kächele alikuwa mtu wa kurudisha vitu. Viatu vikimbana, anavirudisha. Koti likija na rangi iliyopauka kuliko ile ya kwenye picha, analikunja vilevile lilivyokunjwa, analitia kwenye boksi lake na kulipeleka posta. Keekee aliyoiagiza wakati wa baridi aliitumia kutoboa matundu mawili matatu ukutani, akaona inapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, akairudisha nayo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Wiki mbili," alikuwa akimwambia mkewe. "Ulaya nzima, wiki mbili. Unanunua, unalala nacho, ukiamka hukipendi, kinarudi kilikotoka. Kwa hilo peke yake nawasamehe wale wa Brussels mengine yote."

Kwa hiyo siku ile ya maonyesho, mkewe Irmtraud alipoinama mezani na kuchukua kalamu, Ewald hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Maonyesho yenyewe hufanyika kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, kwenye ukumbi wa michezo wa mji wao, huko juu kwenye miinuko ya Swabia, kusini mwa Ujerumani. Watu huenda kuonja soseji za bure, kukalia makochi ambayo hawatayanunua, na kuona nani kapona na nani kafa wakati wa baridi. Upande wa nyuma palikuwa na mabanda ya wauza majiko. Na huko kwao mtu akisema jiko, hasemi chumba. Chumba ni kuta tupu na bomba la maji. Jiko ni makabati, sinki, meza ya kukatia na oveni yake, na ni mali ya mtu kama kitanda kilivyo mali yake. Ukihama unalifungua skrubu, unalipakia kwenye lori, unakwenda kulifunga unakohamia. Jiko la Irmtraud lilikuwa limeshahama nao mara mbili, na mara zote mbili Ewald alilifunga kwa mpangilio uleule, droo ya visu kulia, unga chini kushoto, kwa sababu Irmtraud aliapa kwamba akifungiwa kinyume atarudi kwa mama yake.

Ewald alikuwa amekuja na vipimo mfukoni. Wanaume wa huko hawaendi hata kununua pazia bila vipimo, na yeye alifanya kazi ya reli maisha yake yote, ndiyo kabisa. Alipima kila ukuta, kila pembe, hata ule mbonyeo nyuma ya bomba. Muuzaji, jamaa mmoja mcheshi aitwaye Stotz, aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Mzee, wateja wangu wote wangekuwa kama wewe, ningeshastaafu."

"Ukistaafu nani atatuuzia?" akasema Irmtraud, na Stotz akacheka.

Kilichomvuta Ewald hakikuwa rangi wala milango. Kilikuwa ile sehemu ya kupikia. Stotz aliweka sufuria, maji yakachemka, akaiondoa sufuria, na moto ukazimika wenyewe. "Linajizima, Mama. Hata ukienda kanisani ukasahau." Alisema vile kwa mzaha tu, hakujua kitu. Lakini tangu sikukuu za mwisho wa mwaka Irmtraud alikuwa amesahau jiko likiwaka mara ambazo Ewald hakutaka kuzihesabu. Kitambaa cha vyombo kiliungua. Kijungu cha kuchemshia maziwa kiliyeyuka mpini. Ewald alipoona ule moto unajizima, alihisi kama kuna mtu amempokea gunia begani.

"Saini wewe," akamwambia mkewe, akimsogezea kalamu. "Jiko lako. Mimi tangu lini nikawa na jiko?"

Irmtraud akachagua rangi, kijivu cha njiwa, akasaini jina lake lote kwa ule mwandiko wake aliofundishwa na masista. Halafu wakaenda kula soseji.

*

Jumapili binti yao Heidrun alikuja kula mchana. Heidrun ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo alisimama mlangoni mwa jikoni muda mrefu akimwangalia mama yake.

Irmtraud alikuwa anapika dengu, na pembeni anakwangua tambi. Unga mlaini uko kwenye ubao, ubao umeegemezwa kwenye ukingo wa sufuria, na mkono unakwangua kisu kinapita, tambi nyembamba zinaangukia maji yanayochemka, chap, chap, chap. Mkono wa kushoto uliinuka peke yake ukafungua kabati la juu, ukatoka na kungumanga. Irmtraud hakuinua hata macho. Alikuwa anasimulia habari za jirani ambaye alishakufa.

Heidrun akamshika baba yake mkono, akamtoa mpaka kwenye ngazi.

"Baba, ule mchoro uliobandikwa pale ni wa nini?"

"Jiko jipya. Linajizima lenyewe."

"La nani?"

"La nani tena? La mama yako."

Heidrun alikaa kwenye ngazi. "Juzi kwenye simu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Unanisikia? Lakini kungumanga ameipata bila kuangalia. Kichwa kinasahau, Baba. Mikono bado. Kwetu kazini naona kila siku. Analetwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anajipikia kwake. Ukishamtoa kwenye jiko lake, hajui tena hata kijiko kinashikwa wapi. Hairudi ile. Ikienda, imekwenda."

Kutoka ndani kisu kilisikika bado, chap, chap.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani namsaidia."

"Najua ulidhani."

"Basi usilie," akasema Ewald, ingawa Heidrun hakuwa analia. "Wiki mbili hazijaisha. Nalirudisha."

Akaandika barua usiku uleule, maneno matatu ya shukrani na mstari mmoja wa kughairi, na asubuhi akamwekea Irmtraud mbele, maana mkataba ulikuwa wa jina lake. Irmtraud akasaini bila kusoma. Hakuuliza hata ni karatasi ya nini. Hilo lilimuuma Ewald. Miaka yote ya ndoa yao yule mwanamke alikuwa anasoma hadi maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Majibu yakaja, ya adabu sana. Kampuni inasikitika. Jiko limeagizwa kwa vipimo vya mteja, na kitu cha vipimo vya mteja hakina haki ya kughairiwa. Wanamtakia furaha nyingi katika jiko lake.

Ewald akapanda basi akaenda dukani kwa Stotz.

"Hata ubao mmoja haujakatwa," akamwambia.

"Haujakatwa, Mzee. Sikufichi. Kiwanda kinaanza mwezi ujao."

"Basi!"

"Basi nini? Sheria haiulizi kama msumeno umeshapita." Stotz alimvutia kiti, akamletea kahawa, na wala haikuwa unafiki. "Nikuambie kitu. Mimi nimeshaagiza kwa jina langu. Kiwandani mimi si mnunuzi wa nyumbani, mimi ni mfanyabiashara. Unajua mimi nina wiki ngapi za kujuta? Sina hata saa. Nikikuachia wewe, kijivu cha njiwa chenye mbonyeo wa bomba kitakwenda kwenye nyumba ya nani? Dunia nzima kuna ukuta mmoja tu wa hivyo, na ni wa kwako."

"Chukua ile pesa niliyotanguliza."

"Haifiki hata robo ya hasara. Na nyingine mngeitoa wapi? Uliniambia mwenyewe ndiyo akiba yenu yote." Akashusha sauti. "Kwani limekukosea nini hilo jiko? Lingekuwa baya ningekuelewa."

Ewald aliangalia kahawa. Angemwambia nini? Kwamba mke wangu anaishi ndani ya makabati ya zamani? Maneno hayo hayakuwa na mahali pa kukaa mle dukani, kati ya yale masinki yanayong'aa.

Jioni alipita kwenye baa yao, kwenye ile meza yao ya kila wiki ambayo mgeni akiikalia anaondolewa. Rafiki yake Gottlob, mstaafu mwenzake wa reli, alimpokea kwa kelele.

"Haya, jamani, bwana harusi huyo! Nasikia umevuta jiko uzeeni!"

"Niache, Gottlob."

"Na nasikia unataka kulitaliki kabla halijaingia ndani!"

Meza ikaangua kicheko. Ewald akawaeleza, si yote, ile ya sheria tu. Kila mtu akawa wakili. Mmoja akasema Brussels walianza kwa kupima matango yamepinda kiasi gani, sasa wamefikia majiko. Mwingine akasema si Brussels, ni serikali yetu ya Berlin, Brussels ndio wanaotulinda. Gottlob akagonga meza: "Kaulize kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi. Shemeji yangu walimwokoa na mkataba wa simu. Ile sheria ya Ulaya ni kama mbwa wa polisi, ukimfungulia tu wezi wanakimbia." Ewald akalala na tumaini hilo.

*

Kwenye ofisi hiyo alimkuta wakili, Bi Ottenbacher, msichana wa umri wa wajukuu wa watu, kofia yake ya baiskeli iko juu ya mafaili. Alisoma mkataba, akasoma barua, akavua miwani.

"Bwana Kächele, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hizo wiki mbili unazozijua si za kwetu. Zilitungwa Ulaya, sisi tukaziingiza kwenye kitabu chetu cha sheria kama zilivyo. Na zilikuja na mipaka yake. Kitu kilichoagizwa kwa kipimo cha mtu kimeachwa nje."

"Lakini bado hakijatengenezwa. Kipo kwenye karatasi tu!"

"Ndiyo. Na zamani, kabla ya hapo, hakimu wa kwetu angeweza kukisikiliza hicho kilio. Angeuliza, je, huyu muuzaji atapoteza nini kweli? Walikuwepo mahakimu waliouliza hivyo. Halafu mmoja akaona afadhali awaulize wa Luksemburg, kwenye mahakama ya Ulaya. Ilikuwa kesi ya jiko, tena la maonyesho kama lako. Wakajibu kwamba haijalishi kama kazi imeanza au haijaanza. Wanataka watu wajue mapema, siku ya kusaini, kama wana haki au hawana. Na Luksemburg ikishasema, hakimu wetu hana pa kupita, hata awe mjomba wako."

"Hata akitaka?"

"Hata akitaka. Na kuna jambo la pili. Mlisaini kwenye banda. Huenda hata hizo wiki mbili hazikuwepo kabisa. Wiki mbili ni za aliyenunua kwa posta au kwenye kompyuta, au aliyefuatwa mlangoni kwake. Wewe ulijipeleka mahali unapojua kwamba watu wanauza. Ni kama uliingia dukani."

"Na dukani?"

"Dukani hakuna haki ya kurudisha, Bwana Kächele. Haijawahi kuwepo. Wenye maduka wanakubali kwa hisani."

Ewald akavikumbuka viatu vyake. Miaka yote hiyo alikuwa akiingia madukani kifua mbele, na wale wasichana wa kaunta walikuwa wanamfanyia hisani tu.

"Kwa hiyo hiyo Ulaya yenu," akasema taratibu, "inanilinda nisipohitaji."

"Inalinda watu wengi. Leo haikulindi wewe." Bi Ottenbacher alisema hivyo bila ukali. Akazungusha kalamu yake, akasita, na Ewald akaona kwamba kuna jambo analipima. "Umenieleza kwa nini hasa hulitaka. Ulisema Mama anasahau."

"Ndiyo."

"Ulaya imegusa mambo mengi kwenye mikataba. Muuzaji aseme nini, mnunuzi arudishe lini, maandishi madogo yawe ya namna gani. Lakini kuna mlango hawakuugusa, wameiachia kila nchi. Nani anaweza kufunga mkataba, na nani hawezi. Hiyo ni sheria yetu wenyewe, ya kale, na iko wazi. Aliyesaini akiwa hana akili timamu, sahihi yake ni kama haikuandikwa. Mkataba haupo. Hakuna cha vipimo wala Luksemburg."

Nje mtu alikuwa anafagia njia.

"Inatakiwa nini?" Ewald akauliza.

"Daktari. Na wewe mwenyewe utamke kwamba siku ile mkeo hakujua anachokifanya."

"Alijua. Rangi alichagua yeye."

"Hilo sijalisikia," akasema Bi Ottenbacher, akaangalia dirishani.

Akamweleza na mengine. Kwamba karatasi kama hiyo haiishii kwenye jiko. Ikishaandikwa kwamba mtu hana akili timamu, benki itataka kujua, na mahakama inaweza kumwekea msimamizi wa mambo yake. Na kwamba haifanyiki kwa siri. Mama mwenyewe atapimwa, ataulizwa, ataambiwa ni kwa nini.

Ewald akakunja mkataba, akautia mfukoni mle mlimokuwa na vipimo. Kwenye basi aliangalia mashamba yaliyoloa, akajaribu kuitamka ile sentensi kimoyomoyo. Mke wangu hakujua. Alifika kwenye neno la pili tu.

*

Lakini alikwenda. Heidrun aliomba nafasi kwa daktari wao, mwanamume wa makamo aliyezaliwa mtaa ule ule. Irmtraud alivaa gauni lake la kanisani. Siku hiyo alikuwa na akili ya wembe, kama inavyotokea. Daktari alizungukazunguka, akamuuliza ni majira gani, wako mji gani, jana alikula nini.

"Wewe," akasema Irmtraud, "nakujua tangu unakojoa kitandani, mama yako analia kwangu. Uliza unachotaka kuuliza."

Daktari akamwangalia Ewald. Ewald akaangalia viatu.

"Mzee anataka kujua, Mama," akasema daktari, "kama ulielewa, siku ile uliposaini mkataba wa jiko."

Irmtraud akageuka kwa mumewe. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Ewald. Kalamu ulinipa wewe."

"Traudl, sikiliza..." akasema Ewald, akimwita kwa jina lake la nyumbani.

"Ulinipa kalamu nikiwa na akili, sasa unataka nisiwe nayo?"

"Si hivyo. Ni sheria. Ndiyo njia pekee iliyobaki."

"Njia ya kwenda wapi?" Akaushika mkoba wake mapajani kwa mikono yote miwili. "Mimi nikisaini nimesaini. Baba yangu aliuza ng'ombe kwa kushikana mkono, akajuta wiki ileile, akampeleka ng'ombe. Dakta, andika hivyo. Andika Irmtraud Kächele alijua. Alichagua kijivu."

Daktari hakuandika kitu. Alisema kwa vyovyote vile asingeweza kuapa kuhusu siku ambayo hakuwepo.

Walirudi kwa basi wakiwa wamekaa bega kwa bega. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, Irmtraud akamgusa goti.

"Vitunguu tumechukua?"

"Vitunguu?"

"Si tulikwenda sokoni?"

Ewald akasema vipo, nyumbani vipo. Hakujua aombe nini, kwamba amesahau kweli au kwamba hajasahau.

*

Alikuwa na mpango wa mwisho. Jiko likija, liingie kwenye stoo ya chini likiwa kwenye maboksi yake, likae humo mpaka wafe wote wawili. Hakuna sheria, ya Ulaya wala ya Ujerumani, inayomlazimisha mtu kufungua boksi. Asubuhi ya siku ya kuletwa jiko aliamka kabla ya mkewe, akasimama getini na kumngoja fundi.

Fundi alikuwa Zvonko, Mkroati mnene mwenye penseli nyuma ya sikio, pamoja na mwenzake. Ewald akamweleza haraka haraka.

"Chini?" akasema Zvonko. "Mzee, mimi nalipwa kufunga, lakini ukisema chini ni chini. Kitu chako."

Walishafikisha boksi la kwanza kwenye ngazi za stoo mlango wa juu ulipofunguka. Irmtraud alikuwa amesimama na aproni ya sikukuu, nywele amezichana.

"Vijana! Mnalipeleka wapi jiko langu?"

"Mzee kasema chini, Mama."

"Mzee ndiye mpishi?"

Zvonko akacheka mpaka akaweka boksi sakafuni. Mwenzake naye akacheka. Wote watatu wakamgeukia Ewald, na Irmtraud alikuwa anatabasamu, yule Irmtraud hasa, wa zamani, mwenye mji wake. Ewald alikuwa na sentensi moja tu ya kuokoa kila kitu, na ilikuwa ni ileile iliyomshinda kwenye basi. Ilibidi aiseme hapo, mbele ya wageni wawili wenye mabegi ya zana, na mke wake amevaa aproni ya sikukuu.

"Juu," akasema. "Pelekeni juu."

"Na lile la zamani liondoeni lote," akasema Irmtraud. "Limechoka kuliko mimi."

Ewald alisema basi angalau wasilivunje, walifungue polepole, atalihifadhi. Zvonko alijaribu, Mungu anajua alijaribu. Lakini zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi zilikuwa zimeshakula umri. Kabati la juu lilipotikiswa, skrubu zilitoka na vumbi kama unga wa mahindi, na ubavu wake ukaachia. Droo ya visu ilishuka ikiwa vipande. "Hili halihami tena, Mzee," akasema Zvonko kwa upole. Wakalibeba mikononi mpaka kwenye lori.

Kazi ikaenda hadi alasiri. Walipomaliza, Zvonko alipitisha kiganja juu ya meza ya kukatia kama mtu anayempapasa farasi.

"Vipimo vyako ni dhahabu, Mzee. Sijachonga hata pembe moja. Limeingia kama soksi mguuni." Akatoa karatasi. "Mama asaini hapa kwamba amepokea. Mkikuta kasoro nipigieni. Miaka miwili mna haki, Ulaya hiyo." Akamkonyeza Ewald, akaondoka.

Irmtraud akaingia jikoni kwake kupika dengu.

Ewald alibaki ukumbini, anasikiliza. Mwanzoni alisikia hatua. Halafu hakusikia kitu. Alipochungulia, mkewe alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kijivu, mkono wa kushoto umeinuka hewani. Milango ile haikuwa na vishikio. Ilifunguka kwa kubonyezwa, Stotz aliwaonyesha siku ile, na siku ile Irmtraud alisema safi sana, hakuna cha kufuta. Sasa vidole vyake vilikunjuka na kukunjika juu ya kitu kisichokuwepo. Akashuka kulia, penye visu. Ukuta. Akainama kushoto, penye unga. Ukuta.

"Bonyeza, Traudl," akasema Ewald. "Hivi." Mlango ukafunguka wenyewe bila sauti, na Irmtraud akarudi nyuma.

"Samahani," akasema. Alimwambia mlango.

Akamwonyesha tena, na tena. Akamshika mkono, akaubonyeza pamoja naye. Mkono ulimfuata kwa adabu, kama mkono wa mtu anayefundishwa kucheza dansi asiyoipenda, halafu ukarudi kwenye aproni na kukaa humo. Dengu zikabaki kwenye pakiti. Wakala mkate.

Siku ya pili hakuingia jikoni kabisa. Siku ya Jumapili Heidrun alikuja, akasimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile, akatazama, akamkumbatia baba yake, akaenda kupika yeye. Jumatatu, baada ya chai, Ewald alimkuta Irmtraud sebuleni amevaa koti, mkoba mapajani, kofia kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakungoja wewe. Tunaondoka saa ngapi?"

"Tuko nyumbani, Traudl."

Akamwangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu anayedanganya kwa nia njema. "Nyumbani kwangu napajua," akasema.

Ewald akaenda jikoni, akafunga mlango. Akachukua pimamaji na tochi, akapiga magoti. Alijua alivyoambiwa na Bi Ottenbacher alipompigia simu: kwamba hata ikipatikana kasoro, kwanza wataitengeneza, na wakishindwa ndipo mtu azungumzie kurudisha. Alijua. Alianza hata hivyo. Alimulika chini ya sinki, akapapasa maungio kwa kucha, akafungua na kufunga kila mlango akisikiliza mlio. Akatafuta mkwaruzo, ufa, pengo la kuingiza hata karatasi. Aliweka pimamaji juu ya meza ya kukatia, akasubiri. Kile kiputo kilitambaa kidogo, kikakaa katikati, kikatulia.

"Ewald," Irmtraud akaita kutoka sebuleni. "Tumekaa sana. Wenyewe watachoka na sisi."

"Nakuja," akasema Ewald, akasogeza pimamaji kwenye kabati linalofuata.